Hadubini ya plastiki inayonepa: usanifu unavyoiingiza printa ya 3D hospitalini

Uchapishaji wa 3D ni utengenezaji wa kitu kwa kuongeza malighafi tabaka juu ya tabaka mpaka umbo likamilike. Viwanda vingi hufanya kinyume chake: huchukua pande la chuma au plastiki na kulikata, kulitoboa na kulikereza hadi kibaki kinachotakiwa, au huyeyusha malighafi na kuimimina kwenye kalibu. Kalibu ya chuma ni ghali, kwa hiyo huleta faida pale tu maelfu ya vitu vinavyofanana vinapotolewa ndani yake. Printa ya 3D haihitaji kalibu. Husoma mchoro wa kompyuta, na gharama ya kuchapa kitu kimoja haipishani sana na ya kuchapa cha pili kisichofanana nacho. Sifa hiyo ndiyo iliyoivuta sekta ya afya, kwa kuwa hakuna wagonjwa wawili wenye taya, kisigino au tundu la sikio la umbo moja.

Wa kwanza kuieleza njia hii katika jarida la kitaalamu alikuwa Hideo Kodama wa Nagoya, Japani, mwaka 1981, aliyetumia mwanga kugandisha resini ya majimaji. Charles Hull wa Marekani aliomba hataza ya njia ya aina hiyo mwaka 1984, akaipata 1986 na kuanzisha kampuni ya 3D Systems. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Carl Deckard alitumia leza kuunganisha chembe za poda. Scott Crump naye akaja na njia ambayo leo ndiyo inayojulikana zaidi: uzi wa plastiki husukumwa ndani ya pua yenye moto, ukayeyuka, ukalazwa mstari kwa mstari na kuganda. Hataza ya Crump ilipokwisha muda wake mwaka 2009, wengine wakapata nafasi. Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alikuwa ameanza tangu 2005 mradi wa RepRap, yaani printa inayoweza kuchapa vipande vingi vya printa nyingine, na michoro yake aliitoa bure. Mashine iliyokuwa ikiuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola ikashuka hadi mamia ya dola, ikaingia katika karakana za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Bei iliposhuka, wengi waliamini kwamba tatizo la vifaa vya hospitali limepata dawa. Haikuwa hivyo, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Kipande kilichochapwa kina udhaifu wa kuzaliwa nao. Huvunjika kwa urahisi pale tabaka mbili zinapokutana, kama ubao unavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Msanifu akisahau kukielekeza ili mzigo usivute tabaka zitengane, ndoano ya kutundikia dripu itakatika ikiwa na chupa juu yake. Plastiki iliyoyeyuka haiwezi kulala hewani, kwa hiyo sehemu inayochomoza sana pembeni, takriban zaidi ya nyuzi 45 kutoka wima, huhitaji nguzo za muda ambazo baadaye hubanduliwa kwa mkono na kuacha uso wenye makovu. Plastiki ya PLA, inayotokana na wanga wa mimea na kupendwa kwa kuwa haisumbui kuchapa, hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, wakati otoklevu ya kutakasia vifaa hospitalini hufika 121. Anayechukua mchoro uliobuniwa kwa ajili ya kalibu na kuuchapa kama ulivyo hupata kitu kibaya kuliko cha dukani. Anayeanza upya, akiujua udhaifu huo na kuupangia mahali pake, ndiye anayepata kifaa. Utafiti wa usanifu wa kihandisi katika uwanja huu ni kazi ya huyo wa pili.

Matumizi yaliyoenea kuliko yote hayazungumzwi sana. Magamba ya vifaa vya kusaidia kusikia, vile vinavyoingia ndani ya sikio, leo kwa sehemu kubwa huchapwa kutokana na vipimo vya sikio la mtumiaji mwenyewe. Katika unyooshaji wa meno, kampuni ya Align Technology, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997, huchapa umbo la meno ya mgonjwa kwa kila hatua ya safari yao ya kunyooka, kisha karatasi ya plastiki hufinyangwa juu ya umbo hilo. Kinachovaliwa mdomoni hakikuchapwa. Kilichochapwa ni kalibu yake. Huo ni uamuzi wa usanifu, na ni uamuzi wa busara, kwa sababu unaiachia kila njia kazi inayoiweza.

Kwenye vipandikizi vya mwili mambo huwa mazito zaidi. Mwezi Juni 2011 nchini Uholanzi, mwanamke wa miaka 83 aliwekewa taya zima la chini lililochapwa kwa poda ya titani iliyoyeyushwa na leza, kazi iliyoshirikisha Chuo Kikuu cha Hasselt cha Ubelgiji. Taya hilo lilikuwa na uzito wa gramu 107, likizidi kidogo uzito wa taya la asili. Umbo liliwezekana, tatizo la titani ni ugumu wake. Chuma hicho ni kigumu mara nne au zaidi ya mfupa, na kipandikizi kigumu mno hubeba mzigo wote peke yake. Mfupa ulio jirani, ukikosa kazi, hudhoofika na kuyeyuka, na kipandikizi hulegea. Jibu la wasanifu lilikuwa kukitoboa chuma chenyewe: badala ya pande lililojaa, huchorwa wavu wa vijiti vyembamba wenye matundu ya sehemu za milimita. Wavu hunepa karibu na kiasi cha mfupa, na chembe za mfupa huota ndani ya matundu na kukishika kipandikizi. Hakuna patasi wala mashine ya kukereza inayoweza kufika ndani ya wavu kama huo. Hapa uchapishaji haukuja kurahisisha kazi ya zamani, umefanya kazi ambayo haikuwepo.

Mfano mzuri zaidi wa usanifu uliofikiriwa hadi mwisho ulitoka Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwezi Februari 2012, mhandisi Scott Hollister na daktari wa masikio, pua na koo Glenn Green walimtibu mtoto mchanga ambaye njia yake ya hewa ilikuwa laini kiasi cha kujifunga alipopumua. Kwa kibali cha dharura cha mamlaka ya dawa ya Marekani, walichapa ganda la kuushikilia mrija huo wa hewa kutoka nje, wakitumia picha za CT za kifua chake. Ganda halikuwa duara kamili. Liliachwa wazi upande mmoja ili mrija ukikua nalo lifunguke, likapewa mikunjo ili linepe na pumzi, na matundu ya kupitishia uzi wa kushonea. Malighafi yake, policaprolactoni, huyeyuka na kufyonzwa na mwili katika muda wa miaka 3 hivi, wakati ambao njia ya hewa ya mtoto huwa imekomaa. Siku 21 baada ya upasuaji mtoto aliondolewa kwenye mashine ya kupumulia. Kila kipimo katika ganda lile kilijibu swali la kitabibu, na hata kutoweka kwake kulikuwa sehemu ya mchoro.

Kwa viungo bandia, uchapishaji ulianza kwa shangwe na baadaye ukajifunza adabu. Richard van As, seremala wa Afrika Kusini aliyepoteza vidole mwaka 2011, alishirikiana na Ivan Owen wa Marekani kubuni mkono wa plastiki unaofumba vidole pale kifundo kinapokunjwa, na mwaka 2013 michoro yake ikawekwa wazi kwa yeyote. Maelfu ya watu wa kujitolea waliichapa kwa ajili ya watoto duniani kote. Mikono hiyo ni myepesi na ya bei ndogo, lakini mshiko wake ni dhaifu. Haifai kubeba ndoo wala kushika jembe. Mguu una masharti makali zaidi, kwa sababu hubeba uzito wote wa mwili kwa kila hatua.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 35 hadi 40 wanahitaji viungo bandia au vifaa vya kusaidia viungo, na kwamba ni asilimia 5 hadi 15 tu ya wanaohitaji ndio wanaovipata. Kinachokwamisha zaidi ni uhaba wa mafundi. Katika hospitali ya CoRSU nchini Uganda, kati ya Kampala na Entebbe, timu ya Matt Ratto wa Chuo Kikuu cha Toronto ililenga sehemu moja tu ya mguu bandia: soketi, yaani kikombe kinachopokea kigutu. Kwa desturi, soketi huanza kwa kufunga kigutu kwa plasta, kumimina jasi ndani ya umbo hilo, kulichonga kwa mkono na kulifunika kwa plastiki ya moto, kazi ya siku kadhaa ambayo mgonjwa aliyetoka mbali huisubiri. Watafiti walibadilisha plasta kwa skana na jasi kwa programu ya kompyuta. Maamuzi ya wapi pakazwe na wapi palegezwe waliyaacha mikononi mwa fundi wa viungo bandia. Nguzo na wayo havikuchapwa. Vilibaki vile vya kawaida vya Shirika la Msalaba Mwekundu. Majaribio yalipelekwa pia Moshi, kwenye chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, ambacho kimekuwa kikifundisha mafundi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1981. Uamuzi wa kumwachia fundi kazi yake unastahili sifa. Programu inayomweka kando mtaalamu hutoa soketi haraka, na pia vidonda haraka.

Kazi inayoonyesha vizuri zaidi maana ya kusanifu kwa ajili ya printa, na yenye mizizi Tanzania, ni hadubini ya OpenFlexure. Ilianzia Chuo Kikuu cha Cambridge kwa mwanafizikia Richard Bowman, ikaendelezwa Bath na baadaye Glasgow, na tangu mapema iliwashirikisha wahandisi wa karakana ya STICLab jijini Dar es Salaam na watafiti wa malaria wa Taasisi ya Afya Ifakara.

Malaria ndiyo iliyotoa kipimo cha ugumu wa kazi. Vipimo vya haraka vya mRDT vimeenea hadi zahanati za vijijini, lakini hadubini bado inahitajika kuhesabu vimelea, kutambua aina yake na kufuatilia kama dawa inafanya kazi. Tone la damu hupakwa kwenye slaidi, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha hutazamwa kwa lenzi ya kukuza mara 100 yenye tone la mafuta. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 au 8, na kimelea kichanga kilicho ndani yake ni kidogo zaidi. Kwa lenzi hiyo, picha hubaki safi ndani ya kina kisichofika mikroni moja. Jukwaa la slaidi likitikisika au kuteleza kidogo tu, kimelea hupotea machoni. Na haitoshi kutazama mahali pamoja: kabla ya kusema slaidi haina vimelea, mtaalamu wa maabara hutakiwa kupitia sehemu 100 za slaidi hiyo.

Hadubini ya kawaida hutimiza masharti hayo kwa reli na gia za chuma zilizokerezwa kwa uangalifu mkubwa. Kuchapa reli hizo kwa plastiki hakuna maana. Vipande viwili vya plastiki vinavyosuguana hukwama, kisha huruka ghafla, na kati yao huwa na nafasi ya kucheza ambayo kwa lenzi ya 100 ni kama shimo. Wasanifu wa OpenFlexure waliachana kabisa na kusugua. Waligeukia tabia ile ile ambayo wahandisi huilaumu plastiki kwayo, yaani kunepa. Jukwaa la slaidi hukaa juu ya miguu iliyounganishwa na mwili kwa vipande vyembamba vya plastiki, na skrubu inapozungushwa miguu hiyo huinama kidogo na kulisogeza jukwaa. Hakuna kinachoteleza, kwa hiyo hakuna kinachocheza, kinacholika wala kinachohitaji grisi. Mwili mzima, pamoja na viungo vyake vinavyonepa, hutoka kwenye printa ukiwa kipande kimoja. Umechorwa kwa namna ambayo hauhitaji nguzo za muda: kila sehemu inayoning'inia ama ina mteremko unaoruhusiwa, ama ni daraja fupi ambalo uzi wa plastiki unaweza kulivuka bila kuanguka.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Review of Scientific Instruments yaliwashangaza waliodhani plastiki ya printa ni ya vitu vya kuchezea. Jukwaa lilisogea katika eneo la milimita 8 kwa 8, na milimita 4 kwenda juu na chini, kwa hatua ndogo kuliko mikroni moja. Likiachwa wiki nzima katika chumba kisichodhibitiwa joto, lilihama chini ya mikroni 20. Ikiunganishwa na mota ndogo za umeme, kamera na kompyuta ya Raspberry Pi, hadubini hujiendesha yenyewe: hulenga, hupiga picha, husogea, hupiga tena, hadi eneo kubwa la slaidi liwe limehifadhiwa kama picha moja ambayo mtaalamu anaweza kuikagua akiwa mkoa mwingine.

Ushirikiano na Dar es Salaam ulibadilisha mchoro wenyewe, na hapo ndipo somo kubwa lilipo. Timu hiyo ilieleza mwaka 2020 changamoto za kukiendeleza kifaa kimoja katika nchi mbili. Mtafiti wa Uingereza huagiza skrubu, lenzi au mota leo na kuipokea kesho. Kwa mhandisi wa Dar es Salaam, kifurushi hicho hicho kina wiki za kusubiri, nauli kubwa kuliko bei ya kitu chenyewe, na forodha. Kila kipande kisichoweza kuchapwa kikawa hoja ya kujadiliwa: je, kinaweza kuondolewa, kubadilishwa na kinachopatikana madukani, au kusanifiwa upya ili kichapwe? Maelekezo ya kuunganisha nayo yalipewa uzito sawa na mchoro, kwa kuwa mchoro wa wazi usio na maelekezo humnufaisha aliyeuchora tu. Michoro yote imetolewa kwa leseni huria, hivyo kiwanda kidogo cha Dar es Salaam kinaweza kuizalisha, kuirekebisha na kuiuza bila kuomba ruhusa. Mashine za kununuliwa nje hazitoi haki hiyo. Nyingi huuzwa bila hata mchoro wa matengenezo.

Matengenezo ni uwanja mwingine ambao printa inaweza kuleta nafuu kubwa bila kuvuma. Utafiti wa Perry na Malkin wa mwaka 2011, uliopitia orodha za vifaa 112,040 katika nchi 16 zinazoendelea, ulikuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Sababu kuu tatu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, usimamizi hafifu wa vifaa na miundombinu mibovu. Takwimu hizo zisomwe kwa makini na wanaoipigia debe printa: kipuri kilichochapwa hakimfundishi mtumishi wala hakirudishi umeme. Hata hivyo kifaa kilicholala kwa kukosa kitasa, kifuniko au kishikizo cha plastiki ni kawaida katika stoo za hospitali, na hicho printa inakiweza.

Wahandisi wa Marekani waliobuni printa ya Kijenzi walianza na mashine yenyewe. Printa ya dukani huchukulia kwamba umeme haukatiki, vumbi halipo na chumba ni kimoja daima. Ya kwao ilitenganisha fremu na sehemu nyeti, ikafunika saketi za umeme, ikabeba kompyuta yake ndani na kukubali vyanzo mbalimbali vya umeme. Printa 5 za aina hiyo zilijaribiwa kwa miezi miwili katika vituo vya afya na maeneo mengine ya Kaunti ya Kisumu, mjini na vijijini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Zilihimili kubebwa, vumbi na joto.

Ugonjwa wa UVIKO-19 uliipa teknolojia hii mtihani wa ghafla. Mwezi Machi 2020, kampuni ya Isinnova ya Brescia, Italia, ilichapa vali za mashine za kupumulia za hospitali ya mji jirani wa Chiari baada ya muuzaji kushindwa kuzileta kwa wakati. Vali hizo ziliokoa hali, ila hazikufungua njia ya kudumu: dharura huruhusu mambo ambayo siku za kawaida hukataa, na ni haki zikatae. Kifaa kinachogusa mgonjwa lazima kithibitishwe kwa vipimo. Kundi la Glia, lililoanzishwa na daktari Tarek Loubani kutokana na uhaba wa vifaa Gaza, lilifanya hivyo kwa stetoskopu yake ya kuchapwa: sauti yake ilipimwa pamoja na ya stetoskopu mashuhuri ya kibiashara, na mwaka 2018 matokeo yakatolewa katika jarida la PLOS ONE yakionyesha kuwa zinalingana. Gharama yake ni dola chache tu.

Kuhusu uchapaji wa viungo hai, maendeleo ni ya polepole kuliko vichwa vya habari. Chembe hai hufa zikiwa mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya sehemu ndogo ya milimita, na bado figo au ini lenye mtandao kamili wa mishipa halijachapwa kwa ajili ya kupandikizwa kwa binadamu.

Hatua ya mwisho kabla ya wodi ni usajili, na ndiyo inayoua miradi mingi ya vyuo. Nchini Tanzania vifaa tiba viko chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, Kenya chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mamlaka hazisajili mchoro. Hutaka kujua kila toleo lilitengenezwa na nani, kwa plastiki gani, na lilipimwaje. Kwa kitu kinachoweza kuchapwa katika karakana kumi, kila moja na mashine yake, swali hilo ni gumu na ni halali. Joto la pua likipungua kidogo, tabaka hazishikani vizuri, na jicho haliwezi kuona tofauti. Kwa hiyo taratibu za ubora za karakana zinapaswa kusanifiwa pamoja na kifaa, tangu siku ya kwanza. Wafadhili wa utafiti Afrika Mashariki watenge fedha za vipimo na usajili kama wanavyotenga za kununua printa, na vyuo vya uhandisi viwapeleke wanafunzi maabara na karakana za hospitali wakakae na wataalamu na mafundi wake kabla hawajachora mstari wa kwanza.